Vidole Vyenye Maji ya Mabibo

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, kule Malolo, nilikuwa na kimashine cha kupimia sukari alichoniletea shemeji yangu kutoka Dar es Salaam. Nilikichukia. Kila nilipojitoboa kidole nilimkumbuka mama, aliyekatwa mguu kwa sukari hiyohiyo, kisha akafa.

Siku moja ya msimu wa korosho nilishinda shambani tangu asubuhi, nikinyofoa korosho kwenye mabibo, yale matunda yake yenye maji matamu. Mchana nikarudi natetemeka, jasho linanitoka. Nikaketi mkekani, nikapangusa kidole kwenye shati, nikapima. Ikatoka namba kubwa ambayo sikuwahi kuiona. Nikajua zamu yangu imefika. Nikavuta kwenye sindano insulini ya kuishusha, nyingi kuliko kawaida.

Mke wangu akaja na birika na beseni, kama ilivyo desturi kabla ya chakula.

"Karibu unawe."

"Huoni nakufa?" nikamfokea.

Akamimina tu maji. Nikailaza sindano juu ya goti, nikanawa kwa hasira. Maji yaliyoingia kwenye beseni yalinuka mabibo.

Nikashtuka. Nikajitoboa tena kidole kilekile, sasa kikiwa safi, nikapima. Ikatoka namba ndogo mno.

Sukari iliyonitisha ilikuwa ya mabibo. Yangu mwenyewe ilikuwa inakaribia kuisha, na pale gotini nilikuwa nimeandaa dawa ya kuimalizia.