Consolata Hakubadili Nguo

Wanaokuja kwenye bustani yetu ya maua hapa Babati hudhani maua hujiotea yenyewe. Miaka tisa nimefanya kazi hapo na Consolata, mimi nikikata tiketi getini, yeye akipalilia na kumwagilia, na sijawahi kusikia mgeni akiuliza ni nani kapanda.

Jumapili moja ya Desemba, jua likiwaka kweli kweli, Sosthenes, kaka yake Consolata, alifika na familia yake kutoka Arusha, wote wamevaa sare ya kitenge cha bluu. Binti yao Goodness, yeye peke yake akiwa na gauni jeupe, alikuwa amepata kipaimara asubuhi hapa hapa mjini, na watu wa huku wakitoka kanisani siku kama hiyo lazima wapite bustanini kupiga picha. Goodness alilelewa na shangazi yake huyo kule Sigino, tangu ana miaka mitatu hadi alipomaliza darasa la saba. Ndiyo maana alimchagua Consolata kuwa msimamizi wake.

Consolata naye alivaa kitenge hicho kanisani. Lakini ruhusa yake iliisha saa saba, na saa saba kamili alikuwa ndani ya ovaroli na mabuti, anamwagilia mawaridi.

Mpiga picha alipowapanga, Consolata alifunga maji akaenda kusimama na wenzake. Irine, mke wa Sosthenes, akamzuia.

"Wifi, kitenge chako kiko wapi?"

"Kiko stoo, kwenye mfuko."

"Basi kakivae, tunakusubiri. Picha hii tunaikuza, itakaa sebuleni. Watu watauliza huyu ni nani."

"Watajibiwa."

Najua kuingilia mambo ya watu si vizuri, lakini niliacha geti wazi nikasogea. Sosthenes alijifanya anaangalia simu. Mwanamume mzima, dada yake amemlelea mtoto miaka kumi, anaangalia simu. Iliniuma.

"Dakika tano tu, wifi," Irine alisema. "Sikukatai wewe. Ni nguo tu."

"Kanisani nilivaa kwa sababu ni kanisani. Hapa ni kazini kwangu. Maua haya mliyoyafuata hayakupandwa na kitenge."

"Basi tupige sisi kwanza, wewe utapiga yako na Goodness baadaye."

"Sipigi ya baadaye," Consolata alisema. "Ni hii."

Mpiga picha alikohoa. Consolata akapita mbele ya Irine, mabuti yakichuruzika maji, akasimama nyuma ya Goodness. Kwetu msimamizi huweka mkono wa kulia kwenye bega la anayemsimamia. Hufanya hivyo mbele ya askofu, na kwenye picha hurudia hivyo hivyo. Gauni la Goodness lilikuwa jeupe pe, na mkono wa Consolata ulikuwa na udongo hadi kwenye kiwiko. Hapo hata yeye akasita. Akaanza kuufuta kwenye ovaroli, ambayo nayo ilikuwa na udongo vilevile.

"Wifi, tafadhali, hilo gauni," Irine alisema.

Goodness hakugeuka. Alirudisha mkono wake nyuma, akaupapasa ule wa shangazi mpaka akaupata, akauweka begani mwake na kuukandamiza hapo.

"Piga," akamwambia mpiga picha.