Jiko la Merv Rodda

Mji mzima wa Kadina, kule Australia, walimwita Glenys Rodda "Mama Pointi", na atakayekuambia walimwita hivyo kwa mapenzi anakudanganya. Walikuwa wanamcheka. Walimcheka dukani alipong'ang'ania kulipia hata ndizi mbili kwa kadi, wakamcheka kwenye pampu ya petroli, na zaidi ya kote wakamcheka kwenye baa ya klabu ya mpira siku za Jumamosi. Watu wazima na ndevu zao, wanamcheka mwanamke kwa sababu anajua anachokitafuta!

Na mambo yenyewe hayakuwa magumu. Kadi yake ilikuwa ile ya mkopo. Unanunua leo, benki inalipa, wewe unairudishia mwisho wa mwezi, na kwa kila dola uliyotumia benki inakutilia pointi. Mzembe anakamuliwa riba mpaka anajuta. Anayelipa kwa wakati, kama Glenys, hakamuliwi hata senti, na pointi zikijaa anazibadilisha na viti vya ndege. Glenys alikuwa mpishi wa kantini ya shule ya msingi, mshahara wa kijungujiko, na kwa mshahara ule Kanada angeiona kwenye televisheni tu. Basi akahakikisha kila kitu cha nyumba kinapita kwenye kadi: umeme, matairi, daktari wa meno, hata jeneza la mama mkwe wake.

Ndiyo, jeneza. Mumewe, Merv, hakulisahau lile.

"Mama yangu hata hajapoa, wewe unawaza pointi!"

"Sasa mimi nimemuua? Jeneza si lazima lilipiwe? Tena nimechukua lile lenye vishikio vizuri. Niache, Merv."

Huko Kanada alikotaka kufika kulikuwa na mdogo wake, Wendy. Aliolewa huko Halifax akiwa msichana, na tangu wamzike baba yao hawakuwa wameonana ana kwa ana. Sasa Wendy alikuwa anapofuka. Ugonjwa wake ulianza kula macho katikati, pale pale mtu anapotazamia, na madaktari walisema hakuna cha kuurudisha nyuma, ni kuuchelewesha tu. Kila Jumapili walipigiana simu ya picha. Mwaka jana, katikati ya maneno, Wendy akasema, "Dada, nikikutazama naona pua yako inacheza kama iko kwenye maji. Njoo nikuone vizuri, kabla hujawa sauti tu."

Glenys alikata simu akaenda kukoroga supu ya kesho yake, na machozi yakaingia humo humo. Toka siku ile hakuona haya tena mbele ya mtu yeyote.

Na hapo ndipo ugomvi na wanaume wa klabuni ulipoiva. Pale klabuni kuna sheria ambayo haikuandikwa popote na hakuna anayeivunja. Mkikaa wanne kunywa, kila mmoja ananunua raundi ya wote, kwa zamu. Ukinywa zamu za wenzako ukaondoka kabla ya yako, umekwisha. Hata wajukuu zako wataambiwa ulivyokuwa. Sasa Glenys alikuwa anafika mezani na kadi yake mkononi. "Jamani, nipeni keshi zenu, nilipe mimi kwa kadi." Hakuiba hata senti ya mtu. Lakini kwa wanaume wale, kumshika mtu zamu yake ni kama kumshika suruali.

Aliyewasha moto kila mara ni Col Trenorden, mwenyekiti wa klabu, mkulima wa shayiri mwenye sauti ya trekta. "Merv, ndugu yangu, zamu yako lini? Au mpaka mama asaini?"

Meza nzima hoi kwa kicheko. Merv naye anacheka, huku shingo imemwiva. Alikuwa dereva mstaafu wa malori ya nafaka, mtu mpole, asiyejua kujibu. Mtu asiyejua kujibu, jamani, mwogope. Hasira yake haimwendei aliyemtukana, inamwendea wa karibu.

Mwisho wa Februari pointi zikatimia. Mashirika ya ndege hayatoi viti vya pointi kila siku. Hutoa vichache, watu wakavigombania, vikaisha. Alhamisi moja Glenys alitoka kazini, hajavua hata aproni, akafungua kompyuta mezani jikoni, akavikuta: viti viwili, Adelaide hadi Halifax, wiki moja kabla ya Pasaka. Moyo ukamwenda mbio. Akabonyeza.

Pointi hazitoshi.

Akacheka kidogo, akidhani amekosea. Akabonyeza tena. Kisha akafungua kuangalia zimekwenda wapi, akasoma: jiko la kuchomea nyama, vichomeo sita, chuma kisichoshika kutu, limeshapelekwa.

Merv aliingia na mbwa wao, Bosun, wote wawili na mchanga miguuni.

"Merv. Hili jiko liko wapi?"

Merv akasimama pale mlangoni. "Ilikuwa iwe sapraizi."

"Nimeuliza liko wapi."

"Klabuni."

"Klabuni kwa nani?"

"Kwa wote. Nimewapa ofa." Akavuta kiti, hakukikalia. "Glenys, miaka yote hii mimi ni mwanamume wa kulipiwa. Nilitaka siku moja tu niseme, kaeni chini nyote, hii ni zamu yangu. Na pointi si za nyumba? Si zitarudi?"

"Zitarudi! Zimekwenda sokoni?" Glenys alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Neno la siri ulilijuaje?"

"Ni jina la mbwa. Kila kitu humu ndani ni jina la mbwa."

"Bwege wewe! Bwege mkubwa! Pointi za kupeleka watu wawili Kanada na kuwarudisha, umezipa bati! Hujui birika na blenda na majiko wanayaweka pale kuwanasia wajinga? Miaka tisa nakuambia, Merv, miaka tisa, pointi ni za ndege, pointi ni za ndege! Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Basi tulirudishe."

"Tulirudishe." Glenys alishapiga simu kwa wenye pointi kabla Merv hajaingia, na yule kijana wa kwenye simu, sauti tamu kama sharubati, alishamwambia kwamba kilichobadilishwa hakirudi. Hata kingerudi, Merv alikuwa amekwisha kulipigilia kibao cha shaba: ZAMU YA MERV RODDA. Kwa misumari ya ribiti, si kwa gundi. Ukitaka kujua mjinga akikusudia huwa makini namna gani, mtazame akipigilia.

"Wendy anapofuka, Merv."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeuza macho yake kwa soseji."

Viti vile viwili vilikaa pale kwenye kioo mpaka jioni. Glenys aliporudi kuviangalia baada ya kulisha mbwa, havikuwepo.

Jumamosi iliyofuata timu ilikuwa na mechi ya kujipima nguvu, na jiko likazinduliwa. Merv alimsihi asiende. Glenys akavaa gauni lake la harusi za watu, akaenda. Jiko lilikuwa limekaa mbele ya klabu linang'aa, soseji zimejipanga juu yake, na chini yake mtungi wa gesi ambao Merv alikuwa ameuchukua nyumbani, kwa sababu pointi zilinunua jiko, hazikununua mtungi. Mtungi ule Glenys alikuwa ameununua mwenyewe.

Col alipomwona akapaza sauti. "Haya, Mama Pointi huyo! Njoo ule soseji ya kwanza, mama. Ya leo haitaki kadi!"

Watu wakacheka. Glenys akapita katikati yao, akainama, akafunga gesi. Moto ukazima, soseji zikabaki nusu mbichi.

"Ala! Mama, vipi tena?"

"Ngoja, Col. Miaka yote nakusikiliza wewe, leo nisikilize mimi." Hakupiga kelele. Sauti ilikuwa ya chini, kwa hiyo ikabidi wanyamaze. "Hili si zamu ya Merv. Merv hana pointi hata moja. Hili ni tiketi yangu ya kwenda kwa mdogo wangu anayepofuka, ili anione mara moja kabla giza halijamfunga. Nimeikusanya ndizi kwa ndizi, na ninyi mnanicheka. Mmemcheka na mume wangu mpaka akili zimemruka. Sasa hivi mnatafuna macho ya Wendy na mkate na mchuzi wa nyanya. Ni matamu?"

Mtu mmoja akaweka mkate wake chini taratibu.

"Glenys, sisi hatukujua," Col akasema. "Ilikuwa utani tu."

"Utani wa nani? Mimi nilicheka lini? Tena ninyi ndio wenye sheria. Aliyekunywa zamu ya mwenzake akaondoka bila kutoa yake, mnamwitaje? Semeni. Mnalo jina lake, hata siwezi kulitamka mbele ya watoto. Basi mmeshakunywa yangu. Nangoja yenu."

Akafungua mpira wa gesi, akaunyanyua mtungi kwa mkono mmoja. Mwanamke aliyebeba sufuria za shule maisha yake yote, mtungi kwake ni kikapu. Akatoka nao uwanjani, na Merv nyuma yake anakimbia.

"Mke wangu, tafadhali. Watu wanatazama."

"Watazame," alisema Glenys. "Wana macho."

Jumatatu Col alibisha mlango, kofia kifuani. Akakohoa, akatazama viatu. Msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia, akasema, na yeye alikuwa anunue mbolea ya mashamba yote. Kama Glenys hatojali, angetia hela kwenye kadi ya Glenys kwanza, halafu Glenys ndiye alipie mbolea.

"Sikushukuru," Glenys akamwambia. "Hiyo si hisani, Col. Ni zamu yako."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja."

Baada yake akaja wa kununua matairi ya mashine ya kuvunia, akaja mwenye baa na mabati ya paa lake jipya. Hakuna aliyetaja pointi, na hakuna aliyetania. Wanaingia, wanalipa, wanakunywa chai bila sukari kwa woga, wanaondoka. Merv alikuwa anawafungulia mlango na kuwafungia. Kwa muda wote huo Glenys alimsemesha habari za mbwa na takataka tu.

Pointi zilitimia tena baridi ilipokuwa inaisha, na safari hii neno la siri halikuwa jina la mbwa. Viti vilipotokea vilikuwa vya Septemba. Merv alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Umepata viwili?"

"Vilikuwepo viwili. Nimechukua kimoja."

"Na mimi?"

"Wewe ulishakula chako, Merv."

Halifax alimkuta Wendy amesimama kwenye mlango wa wanaowasili, fimbo nyeupe mkononi, mumewe kamshika kiwiko. Glenys akaacha begi katikati ya njia, akaenda akasimama mbele yake, karibu kabisa, akainua uso wake kama mtoto anayepigwa picha. Wendy hakumtazama. Aligeuza kichwa pembeni, akaelekea ukutani, kama kuku anayekagua punje.

"Usiondoke. Nikitazama pembeni ndiyo naona kidogo. Sogea kushoto. Hapo, hapo. Naona sikio." Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Dada, bado una lile kovu la mlango wa gari la baba!"

"Na uso?"

"Uso sipati. Kuna ukungu hapo." Akanyoosha mkono, akaupapasa. "Wakati wa Pasaka nilikuwa bado naona nyuso, unajua? Nilikuwa nasoma hata gazeti, herufi kubwa. Lakini si neno. Umekuja."

Walishikana mpaka watu wakaanza kuwapita na mikokoteni. Walipofika kwenye gari simu ya Glenys ikalia. Merv. Alikuwa anasikika kama yuko mbali kuliko Australia.

"Umefika salama?"

"Nimefika."

"Na Wendy? Amekuona?"

Glenys alimtazama mdogo wake, aliyekuwa anaupapasa mlango wa gari akitafuta kitasa.

"Ameona sikio, Merv," alisema. "Huko kwenye jiko, leo mnachoma nini?"