Nusu Tenki ya Kwenda Ujiji

Mama alikuwa ameacha kila chakula isipokuwa uji, na kila jioni aliuliza swali lile lile: Zuhura amefika? Zuhura ni dada yangu mkubwa. Ameolewa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na huu ulikuwa mwaka wa nne hajakanyaga nyumbani. Safari hii hatukuweza hata kumlaumu. Alikuwa ameteleza bombani na dumu la maji kichwani, mguu ukavunjika, akafungwa plasta kutoka pajani mpaka karibu na vidole. Mdogo wetu Asha akasema atabaki na mama. Mimi nikaambiwa niende nikamlete dada.

Jumatatu alfajiri niliondoka Ujiji kwa basi la Manyovu. Mpakani nikagongewa muhuri na kurudisha saa yangu nyuma kwa saa moja, nikajiona nimepewa muda wa bure. Upande wa pili nikapata gari ya abiria. Kuanzia Nyanza-Lac barabara inafuata ziwa, kisha inakuja michikichi ya Rumonge na wanawake wanaouza mawese kwenye chupa kando ya njia. Ni safari nzuri kwa mwenye miguu miwili mizima. Tulivyobanana mle ndani, nilijua kabla sijafika kwamba mguu ulionyooshwa kwa plasta hauwezi kurudi kwa usafiri huu.

Magharibi nilikuwa Buyenzi. Shemeji Yusufu, mume wa Zuhura, alinipokea mlangoni. Kazi yake ni kuuza vipuri vya magari, na gari lake mwenyewe lilikuwa limesimama uani chini ya turubai, bila tone la petroli.

"Shemeji, usisumbuke," alisema kabla sijauliza. "Gari iko. Esansi tu ndiyo apana. Kesho tunaingia mu lisiti, siku mbili tunaenda."

Zuhura alikuwa ndani, mguu juu ya kigoda. Alinishika uso kwa mikono miwili akaniangalia muda mrefu. "Mama anasemaje?" Nikamwambia anamuulizia yeye tu. Akacheka, halafu akalia, halafu akauliza kama nimekula.

Jumanne asubuhi tulilisukuma gari mpaka kwenye foleni, mimi, shemeji na vijana wa dukani kwake. Foleni ilianza kituo cha mafuta, ikazunguka kona, ikapita maghala ya Zone Industrielle na kupotea huko. Sisi tulianzia huko ilikopotelea. Nilidhani foleni ni ya magari. Kumbe magari ni mapambo tu, foleni yenyewe imo ndani ya daftari la majina, ile "lisiti" ya shemeji. Mzee mmoja mwenye miwani, waliyemchagua wenye magari wenyewe, husoma majina mara tatu kwa siku: alfajiri, adhuhuri na jioni. Ukiitwa unajibu "prezan". Usipojibu unafutwa, na gari lako linasukumwa pembeni hata kama limekaa pale wiki nzima. Hakuna serikali niliyoiona ikitiiwa kama lile daftari.

Mchana kutwa watu wanacheza karata juu ya boneti, wananyolewa ndevu, wanauza karanga, wanagombana kuhusu mpira. Saa saba liliwaka jua ambalo sijui lilitoka wapi. Nilikaa garini na milango wazi nikimsikiliza jirani wa mbele akipiga wimbo mmoja kwenye simu yake mara kumi na nne, nilihesabu. Gari letu lilisogea urefu wa gari moja.

Jumatano maji yalikuja Buyenzi kwa saa moja tu, na saa hiyo wote tulikuwa kwenye foleni. Zuhura aliyasikia yakilia bombani na hakuweza kuinuka. Nilipomkuta jioni alikuwa amekasirika. Shemeji, kwa kutaka kunifurahisha, akanipeleka kwenye banda la kutazama mpira. Timu moja ikapewa penalti, mpigaji akarudi nyuma hatua tatu, umeme ukakatika. Banda zima lilipiga kelele moja, halafu watu wakainuka taratibu wakaenda zao, bila hata mmoja kuuliza umeme utarudi lini. Hilo liliniumiza kuliko penalti.

Hapo bandani ndipo nilipomfahamu vizuri Mwalimu Deo, jirani wa ukuta mmoja na shemeji. Ni Mkatoliki, anafundisha shule ya msingi, hana gari wala baiskeli. Lakini tangu Jumanne, alipotoka darasani alikuwa anakuja foleni kukaa garini mwetu, ili sisi twende kuswali bila jina kufutwa. Likiitwa jina la Yusufu, Deo ndiye aliyejibu "prezan", na mzee wa daftari alijua na akanyamaza.

"Mi niko na sauti ya kuita watoto," aliniambia akicheka. "Wacha ifanye kazi."

Alhamisi Deo hakuja. Mama yake alikuwa amelazwa siku nyingi, jambo ambalo hata hakutuambia, na asubuhi ile alikuwa amefariki. Tulikwenda kutoa pole. Uani waliweka viti, watu wamekaa kimya, kila anayeingia anasema "mwihangane" na kutafuta pa kukaa. Deo alitushika mkono akauliza: "Foleni imesogea?" Sikujua niweke wapi uso wangu.

Ijumaa baada ya sala lori la mafuta lilifika. Watu waliimba. Wanaume wazima walikumbatiana, na mzee wa daftari akavua miwani akaifuta. Zamu yetu ilipofika tuliruhusiwa nusu tenki. Shemeji alipiga hesabu kwa vidole: Ujiji inafika. Kurudi tutajua huko huko.

Jioni hiyo nyumba ilibadilika. Asha alituma ujumbe wa sauti: mama amekaa kitandani, amekunywa vikombe viwili vya uji, ameuliza tena. Zuhura akamwita jirani amsuke. Akajipaka hina mikononi, na vile vidole vitano vilivyochungulia mwisho wa plasta navyo akavipaka, kimoja kimoja, akiinama kwa maumivu.

"Mama asinione kama mugonjwa," alisema. "Aone nimekuja na sherehe."

Jumamosi asubuhi mjini hakuna gari linalotembea mpaka saa nne na nusu. Ni saa za kazi za jamii, kila mtu na jembe au ufagio wake. Tulipakia mizigo mapema tukasubiri. Zuhura alikuwa chumbani akimalizia kujifunga mtandio, kati yake na sebule kuna pazia tu. Tulibakiza nusu saa.

Wakaingia wanaume watatu, majirani wa barabara ile, kofia mikononi. Niliwaona wakiliangalia gari walipopita.

Kule mtu haombi kwa kuomba. Anakaa kwanza. Waliletewa chai, wakainywa. Wakazungumza habari ya mvua, kisha habari ya barabara ya Mwaro jinsi ilivyo na kona. Wa kwanza akasema Mwaro ndiko mama wa Deo anakozikwa, leo. Wa pili akasema pikapu ya kubeba sanduku imepatikana, Mungu ni mwema. Wa tatu akasema lori la kubeba watu lilikuwa limeahidiwa, ila halina esansi, na ndugu wa marehemu wamekaa kwenye viti tangu alfajiri, wanangoja tu. Halafu wote wakatazama vikombe.

Shemeji alikohoa. Nilijua alichokuwa anafikiri, kwa sababu nami nilikuwa namsikia Deo akijibu "prezan" kwa jina lisilo lake.

"Bon," akasema shemeji. "Gari ni yangu. Lakini ile esansi ni ya safari ya mugeni. Mugeni ndiye aseme."

Wote wakanigeukia. Huo ndio ustaarabu wao, na sijui kama kuna mtego mzuri kuliko huo: mgeni anapewa heshima ya kuamua, na mgeni mwenye adabu hana ila jibu moja. Nilijiambia mama amekunywa vikombe viwili. Nilijiambia siku mbili si kitu. Pazia lilitikisika kidogo, nikaliona.

"Chukueni," nikasema.

Wakainuka wakanishika mkono kwa mikono miwili. Nami nikaingia kwenye gari twende kuwachukua ndugu wa marehemu, maana kukaa nyumbani na kumtazama dada yangu usoni kulinishinda.

Mchana tulikuwa milimani. Baada ya joto la Bujumbura, baridi ya Mwaro iliniingia mpaka kwenye meno. Garini tulikuwa na shangazi wa Deo na wajukuu watatu wa marehemu, wamevaa viatu vya shule. Kaburi lilikuwa pembeni ya shamba la chai. Mwanamume mmoja alitoa hotuba ndefu kwa Kirundi, nikaelewa neno moja moja. Nilitupa udongo wangu. Baadaye tukanawa mikono sote kwenye beseni moja, kama ilivyo desturi yao, tukapewa soda. Deo akaja akasimama mbele yangu.

"Bila we, mama angezikwa na watu wawili," alisema.

Nilimjibu kwamba si kitu. Ndivyo nilivyosema kwa mdomo wangu, si kitu.

Jioni tukirudi tulikuta kwenye mzunguko msafara wa harusi, magari saba yenye riboni, honi zote zinalia, bibi harusi anapigwa picha ya video akishuka na kupanda, akishuka na kupanda. Wao petroli waliitoa wapi sijui. Shemeji alizima gari kila mteremko ili kubana mafuta. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

Tulipoingia kwenye barabara yetu niliona viatu vingi mlangoni. Nikadhani ni watu wanaomngoja Deo, wamekosea nyumba. Hawakuwa wamekosea. Wanawake wa mtaa, wale wale waliokuwa uani kwa Deo tangu Alhamisi, walikuwa wamekaa mkekani kwa Zuhura. Mama alikata roho saa sita mchana na alasiri wakamzika, kama ilivyo kwetu, hatungoji. Asha alinipigia mara nyingi. Simu yangu ilikuwa milimani, haina mtandao.

Zuhura alikuwa pale pale kwenye kigoda, amevaa nguo za safari. Hakulia. Aliniuliza:

"Mumezika muzuri?"

Nilipiga magoti nikashika ule mguu wa plasta, sijui kwa nini mguu. Hina ilikuwa imekolea vizuri, nyekundu iliyoiva.

"Dada, nisamehe. Nilidhani kesho kutwa..."

"Mi nilikuwa nyuma ya pazia, Rama. Nilisikia yote." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Deo ni mutu wetu. Mungeniuliza, ningesema muchukue. Ata mi ningesema muchukue. Lakini mungeniuliza."

Jumapili asubuhi vikundi vya kukimbia vilipita barabarani vimevaa fulana za rangi moja, vinaimba na kupiga makofi kama kila wiki. Umeme ulikuwapo, maji yalikuwapo, siku nzima, bila kukatika. Majirani walikuja kutoa pole. Deo alikuja na wenzake kumi na mmoja, macho yamevimba kwa kilio chake mwenyewe, akasema wamekubaliana. Wakatoa turubai, wakalisukuma gari kwa mikono kutoka Buyenzi mpaka mwisho wa foleni, Deo akiwa kwenye usukani. Nilitaka kuwaambia waache. Nilitaka kupiga kelele kwamba hakuna tena pa kwenda. Shemeji akanishika bega: "Wacha, shemeji. Ndiyo njia yao ya kulia."

Jumatatu niliondoka peke yangu. Nilipita foleni kabla ya kwenda kutafuta gari ya abiria, ilikuwa saa ya majina ya alfajiri. Mzee wa miwani alisoma, akafika kwa Yusufu. "Prezan," akajibu Deo kutoka ndani ya gari, kwa sauti ile ya kuita watoto. Nilipunga mkono, hakuniona. Barabara ya Rumonge ilikuwa nzuri kama nilivyoiacha. Mpakani nilisogeza saa mbele, saa moja ya bure ikarudishwa kwa wenyewe.

Ujiji nilikuta kitanda cha mama kimesimamishwa ukutani. Asha aliangalia nyuma yangu, kwenye mlango, kwa mazoea.

Watu wa nyumbani wananiuliza nimejifunza nini huko, maana ndivyo anavyoulizwa kila anayetoka safari. Nimejifunza jinsi foleni inavyoendeshwa kwa daftari. Nimejifunza kwamba watatu wakija na kofia mikononi wakanitazama, nitasema tena "chukueni", kwa kuwa sina adabu nyingine ya kutumia, na hilo linanikatisha tamaa kuliko yote. Nusu tenki ile haikuwa yangu wala ya shemeji. Mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, amejipaka hina, hatua nne kutoka kwenye kiti changu. Wiki ijayo plasta inatolewa, na ameniandikia kwamba hatakuja.