Poda ya Joselyne

Kwa wiki tatu Védastine alikuwa na kopo la poda chini ya cherehani yake, na kila mteja aliyeingia kibandani kwake pale Kamembe, upande wa Rwanda, alionyeshwa. Mtu amekuja kupunguziwa sketi, anaonyeshwa kopo. "Hii ni ya binti yangu Joselyne," anaambiwa. "Siku matokeo itatoka, mji yote itamuona."

Wenyeji waliguna kwa adabu. Waliokulia Bukavu kama yeye hawakuhitaji maelezo. Kule Kongo, ng'ambo ya mto, mtoto akipita mtihani wa serikali humwagiwa poda kichwani mpaka kope na nyusi ziwe nyeupe, halafu ukoo mzima humtembeza barabarani kwa nyimbo. Asiyetembezwa, watu wanajua.

Védastine hakutembezwa. Sasa ana miaka arobaini na minne, ana mume, ana cherehani mbili, na bado jambo hilo limemkaa kooni. Alikuwa na miaka kumi na tisa siku ya matokeo yake, mtaani Kadutu huko Bukavu, baba yake amesimama langoni na kopo mkononi, amevaa koti lake la harusi. Jina la Védastine halikuwemo kwenye orodha. Mzee hakumgombeza. Alivuka barabara, akaenda kummwagia poda ile binti wa jirani, akaimba pamoja nao hadi kwenye kona. Hakulizungumza tena mpaka alipokufa. Afadhali angempiga.

Baadaye Védastine aliolewa upande huu na Ndagijimana, mtu wa Gashonga anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Muganza, na hapo ndipo alipoingia katika ukoo usiojua kushangilia. Wifi yake, Mukamusoni, ana mwana aitwaye Hugues. Huyo Hugues alifaulu mtihani kwa alama za kumpeleka chuo kikuu, na Védastine alikuja kujua wiki tatu baadaye, tena kwa sababu walikuwa wanatafuta valise, sanduku la safari la kijana. Alikwenda mpaka Gashonga kulalamika. Mukamusoni alimtazama kwa mshangao wa kweli. Wangesema nini? Mtoto alitumwa, amefika.

Védastine alilicheka jibu hilo kibandani mwezi mzima. Hata hivyo alijiona amepata somo: watu hawa wakinyamaza, ujue mambo yao yamenyooka. Somo hilo alilishika sawasawa, na ndilo lililomponza. Maana Gashonga nako mtoto hubebeshwa mzigo uleule wa kufaulu. Ila huko hawampigii kelele, wanamtazama tu. Joselyne alizaliwa katikati ya mizigo miwili, na hakuna aliyemuuliza kama mabega yanauma.

Matokeo yalitoka Jumatano mchana. Joselyne aliingia kibandani na simu mkononi, akakaa kwenye benchi.

"Matokeo imetoka?" mama aliuliza.

"Imetoka."

"Na wewe?"

Joselyne aliinama, akaokota vipande vya kitambaa sakafuni, akavikunja kimoja kimoja. "Nitakuambia nyumbani, Maman."

Mwingine angeisikia sauti ile na kufunga mdomo wake. Védastine alisikia damu ya Gashonga. "Mumuone huyu," akawaambia mafundi wenzake, na kucheka. "Ni Papa yake kabisa. Amepita, anaona haya kusema." Akafungua kopo.

"Maman, ngoja," Joselyne alisema, lakini poda ilikuwa imeshamwingia mdomoni, akabaki anakohoa, na vigelegele vikajaa kibanda. Walimtoa nje. Walimtembeza kutoka mstari wa mafundi hadi sokoni, na kutoka sokoni hadi kwenye kituo cha pikipiki, na madereva wakapiga honi. Mikono ya msichana ilining'inia tu. Védastine alitangulia mbele akiimba na kulia, na kwa mara ya kwanza tangu Kadutu koo lake lilifunguka. Furaha yake ilikuwa ya kweli, hilo lazima lisemwe. Fundi mmoja alirekodi video, na jioni ilikuwa imeshafika kwenye simu za Gashonga.

Siku zilizofuata Joselyne alijaribu kusema mara mbili. Mara ya kwanza mama alikuwa kwenye simu na ndugu zake wa Bukavu. Mara ya pili alimkatiza ampime kiuno, kwa ajili ya gauni la kwendea chuo.

Jumapili Mukamusoni alifika, valise ya Hugues mkononi, Joselyne aendee nayo chuo. Mwanamke asiyesifia hata mvua alisimama mlangoni na kusema, kwa Kinyarwanda chake cha polepole, kwamba Joselyne amewatoa wote kimasomaso. Ndagijimana akatabasamu, akainamisha kichwa.

"Tantine, urudishe valise," Joselyne alisema. "Sikupita."

Ndagijimana alitazama viganja vyake. Mukamusoni aliweka valise chini, akauliza kama maharage yameshaiva. Védastine peke yake ndiye aliyesimama.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Uliniona nimenyamaza, ukajijibu. Nikasema ngoja, ukamwanga poda." Joselyne hakupaza sauti. "Ulinimwangia mbele ya batu bote, Maman. Sasa utanipangusa mbele ya nani?"

Védastine alitaka kumtaja baba yake, aseme yeye alifanyiwa vibaya zaidi. Lakini baba yake angalau alisoma orodha kwanza.

Valise haikurudi tupu. Jumatatu Joselyne aliijaza, aende kukaa Gashonga kwa shangazi yake asome upya na kurudia mtihani, mahali ambapo hakuna atakayemuuliza kitu. Mama alimsindikiza hadi kwenye kituo cha pikipiki. Madereva walipoiona valise walipiga honi tena, na mmoja akampa Joselyne mkono wa pongezi. Aliupokea.

"Mwaka kesho ukipita, sitamwanga kitu," Védastine alisema akiifunga valise kwa kamba. "Nitakaa kimya. Ninakuapia."

"Mwaka kesho nikipita, sitakuambia."

Alilisema bila hasira, kama mteja anayekuaga kwamba nguo yake ataifuata Ijumaa. Akapanda. Pikipiki ikashuka mteremko, na Védastine akasimama pale mpaka ilipopotea kwenye kona.

Aliporudi, mafundi waliinua vichwa kutoka kwenye cherehani zao.

"Ndiyo anaenda université?" mmoja aliuliza.

"Ndiyo," Védastine alijibu, akavuta kiti, akaanza kushona.