Chumvi ya Ngoie

Nilipokuwa mtoto kwetu Kamalondo, mtaa wa mji wa migodi ya shaba, miaka ya Zaire, chumvi haikutiwa na kila mkono. Mwanamke aliye mwezini alipika mwenyewe, lakini chumvi alimwita mtoto mdogo amtilie. Nkambo, mama yake mama, alitueleza sababu bila kupepesa macho: akitia yeye, wanaokula wataingiwa na ugonjwa kifuani.

Nilivunja ungo nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikanyamaza kwa aibu. Jioni ile nilipika sombe, majani ya muhogo, na kutia chumvi mwenyewe. Tukala sote. Miezi michache baadaye mama alionekana na uvimbe kwenye titi, na hospitali wakasema kanseri. Jamani, mtoto angewaza nini? Niliwaza kwamba nimemuua mama.

Tangu hapo sikuigusa chumvi, hata siku zilizo safi, na nyumbani hapakuwa na mtoto mdogo wa kuitia. Baba alirudi kutoka zamu kwenye kiwanda cha shaba, akala bukari, ugali wetu, na mboga chapwa, akamaliza sahani. Mama ndiye aliyeshindwa. Alionja tonge moja, akasukuma sahani, na kila wiki kitenge kilimzunguka zaidi.

Ngoie, msichana wa jirani niliyesoma naye darasa moja, alikuja siku moja kunisaidia kuchota maji. Akaonja mboga jikoni.

"Ee mama! Hii munakulaka namna gani? Chumvi iko wapi?"

Nikamwambia yote, nikilia. Hakucheka. Baba yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, kwa uvimbe vilevile.

"Kwetu chumvi alitiaka mudogo wangu," alisema. "Mutoto wa miaka ine, hajue kitu. Na baba alikufa tu."

Lakini mkono wangu ulikataa bado. Akanitazama.

"Basi wacha. Miye nitatia."

Alikuja kila siku baada ya masomo. Siku nyingine alitoroka mazoezi ya shule ya nyimbo za kusifu chama tawala, na kesho yake alichapwa. Alitia chumvi, akaketi nami hadi mama amalize kula. Maana mama alianza kula. Alikula mpaka wiki yake ya mwisho, mvua zilipoanza.

Kwenye kilio tulikaa mkeka mmoja. Nikamuuliza kama hakuwahi kuogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Miye nilianza kuona mwezi mbele yako. Ata siku zangu nilikuya, nikatia. Nilisema, kama iko chumvi, basi tuko babili, miye na weye."

Leo najua chumvi haileti kanseri. Nkambo simlaumu, alitupa alichopewa. Nimewasikia madaktari na mapadri wakifariji watu, na wengine wanajua kazi yao. Lakini Ngoie aliamini kama mimi, aliogopa kama mimi, na bado alitia.