Mlima Nilioutoboa kwa Mdomo

Sezoni mpya ya picha yetu ya Kijapani ilifika Kasongo siku ya Ijumaa, ndani ya klé, kile kijiti cha kuchomeka kwenye televisheni, kimefungwa kwa plastiki ya mkate. Ilitoka Bukavu, ikakwama wiki nzima Kabambare kwa sababu ya matope, kisha mwenye pikipiki mmoja akaileta mfukoni pamoja na dawa za mama yake. Kufika saa kumi, mtaa wote wa karibu na soko ulikuwa umeshajua. Watu ambao hawakunisalimia tangu Idi walinisimamisha njiani kuniuliza kama koo langu liko zima.

Koo langu ndilo lililotakiwa. Manga za Wajapani, zile katuni za televisheni, zinatufikia na sauti ya Kijapani, na chini kuna maandishi ya Kifaransa yanayopita mbio kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Wanaoweza kuyasoma ni wachache, na wanaoweza kuyasoma na kuyageuza Kiswahili papo hapo ni wachache zaidi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina sauti iliyozoea kufokea watoto darasa zima. Kwa hiyo mwenye duka la chumvi na sabuni, ambaye nyuma ya duka lake ana banda la mbao, televisheni na grupu ya kutia umeme, alinichukua niwe nakaa kando ya televisheni Jumapili mchana, niseme. Kila anayefungua mdomo kwenye picha, mimi ndiye ninayemsemea: babu, mtoto, jini, hata farasi. Nisiposema, hakuna kilichosemwa.

Nilikuwa najivuna, sitaficha. Mkubwa wa maadui nilimfanya aongee kama mtoza kodi wa sokoni, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Maandishi yakipita kabla sijayamaliza, nilijaza ya kwangu. Kila mwenye kazi hii anafanya hivyo, na watazamaji wanajua, na hawajali. Ila kuna kujaza na kujaza, na mimi nilijaza mara moja mahali ambapo sikupaswa kugusa.

Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Msichana wa kijiji cha milimani anaishi na baba yake, mtengeneza kengele. Ugonjwa unaingia kijijini, baba anavuka mlima kwenda kutafuta dawa. Katika epizodi ya mwisho ya sezoni ya kwanza, theluji inaporomoka na kumfunika. Theluji hatuijui huku kwetu. Mimi niliiita unga wa baridi, na jina hilo likashika.

Siku ya epizodi hiyo, yaya yangu alikuwa kwenye benchi la mbele. Ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenibeba mgongoni. Siku tisa kabla ya hapo, mjumbe alitoka Lusangi akatuambia shimo la dhahabu limeanguka. Watano walikuwa ndani. Watatu walitolewa wamekufa, wawili hawakuonekana, na mmoja wa hao wawili alikuwa shemeji yangu, mume wa yaya. Walichimba, wakachimba, kisha wakaacha kwa sababu udongo ulikuwa bado unashuka. Wakwe wa yaya huko Kabambare wakatuma neno kwamba hakuna aliyetoka hai mule, watasoma hitima, na mjane aende akae eda, zile siku za kumlilia mume kwa utaratibu wa dini. Yaya hakukataa. Alilia, akanyamaza, akasema sawa, kesho nitakwenda. Mama alikuwa ameshanunua kitambaa cheupe. Yaya aliomba tu aje nami kwenye picha mchana huo, asibaki peke yake nyumbani na kile kitambaa.

Epizodi ile sikuwa nimeitazama mbele, nilikuwa nasoma na watu wanasikiliza. Theluji ikashuka. Msichana akakimbia, akaanza kuchimba kwa mikono. Maandishi yakaja, mafupi, hata mtoto wa darasa la tatu angeyasoma: baba amekufa, hatutampata tena. Nikamwona yaya ameshika mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Mulima umemufunika, lakini kwa chini iko njia. Baba ametokea upande wa pili." Msichana alikuwa bado anachimba, nikamsemea naye, "Ninachimba nipate kumufuata."

Watu walipiga makofi. Yaya alishusha kitenge.

Kesho yake hakwenda Kabambare. Nilimkuta jikoni anapepeta mchele, akaniambia bila kuinua macho, "Kule Lusangi mashimo yanaungana. Wamechimba kwa upande moja tu. Ule upande wa pili nani ameenda kuangalia?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, ningelitema tu. Lakini alikuwa amekula asubuhi ile, mara ya kwanza tangu mjumbe afike, na mimi nikaona sufuria iko tupu, nikafurahi kama mjinga. Nikasema, "Pengine, yaya."

Basi hitima ikasomwa Kabambare bila mjane. Wakwe walisema yule mwanamke hana moyo, na mama mkwe akafa mwaka uliofuata akiwa bado anasema hivyo. Yaya alisikia yote. Alijibu kwamba mume wake atarudi mwenyewe, na wao ndio watakaoona haya. Mgane mmoja wa Nyangwe, mwuza samaki, mtu mtulivu aliyetusalimia kila siku ya soko, alituma watu mara mbili kuja kumposa, na mara mbili yaya aliwaambia yeye ni muke wa mutu. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha, tukaingia wa tatu. Kila nikiamka nilijiambia leo nitamwambia. Huruma ilikwisha siku ileile ya theluji. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa woga, nao niliupikia, niliufulia, nililala nao.

Ndiyo maana klé ilipofika sikufurahi kama wengine. Nilimwambia mwenye duka koo linaniuma. Akaniletea tangawizi na asali, akaniambia ameshatangaza.

Jumapili banda lilijaa mpaka watu wakasimama na shingo madirishani. Yaya alikaa benchi lake la mbele, amevaa vizuri. Alikuja kumwona baba wa upande wa pili wa mlima, hakunificha, na njiani aliniuliza kama nadhani atarudi epizodi ya kwanza au watatungojesha.

Picha ikaanza, na watazamaji wetu hawajui kutazama kimya. Fundi cherehani, mzee anayekaa karibu na mlango kwa sababu ya mguu wake, alikuwa wa kwanza kulalamika. "Pua zao zimekuwa nyembamba. Hawa si wale."

"Wamekua tu, baba," mtu akamjibu.

"Pua inakua kwa kupungua?"

Mama mwuza maandazi alisema wimbo wa kwanza haumpendezi, ule wa zamani alikuwa anaukandia unga. Wenye pikipiki walisema rangi ni safi zaidi lakini mapigano yanachelewa, dakika zote hizi watu wanakunywa chai. Mwingine akasema msichana amekuwa mrembo, akaambiwa anyamaze, ni mtoto wa mtu. Mimi nilikuwa nasema, napumzika, nasema, na kwa dakika chache nilisahau. Nilifikiri pengine baba hatatajwa. Sezoni mpya zina watu wapya, kwa nini warudie mambo ya zamani?

Kisha msichana akapanda kilima. Akapiga magoti mbele ya jiwe jeusi, akaweka maua, akawasha ubani, na juu ya jiwe ilikuwa sura ya baba yake. Banda likanyamaza lenyewe. Maandishi yakapita, sikuyasema.

"Mwalimu," mama wa maandazi akauliza, "ule kwa jiwe si baba? Anafanya nini pale?"

Nikasema, "Wanamwombea arudi salama."

Ningenusurika, nadhani. Lakini ndani alikuwamo binti wa jirani yetu, anayesoma chuo huko Kindu, amerudi likizo. Hakuwa na nia mbaya. Alicheka kidogo, kama mtu anayemsahihisha mwalimu wake kwa heshima, akasema, "Hapana, mwalimu. Imeandikwa ni mwaka wa saba tangu baba alikufa pale mulimani."

Sijawahi kusikia banda lile likilipuka vile. Walimrukia yule binti. Walisema watengenezaji wamekosea, sezoni imeharibika, Wajapani wamesahau hadithi yao wenyewe. "Huyu mutu alitoka," fundi cherehani alisema, amesimama kwa mguu wake mbaya. "Mimi nilimuona kwa macho yangu. Alitokea upande wa pili, koti lake limepasuka hapa begani." Mama wa maandazi akasema ndiyo, na alikuwa na chupa ya dawa mkononi. Wenye pikipiki wote waliliona lile koti. Mmoja alikumbuka mpaka mbwa aliyempokea.

Hakukuwa na koti, wala chupa, wala mbwa. Kulikuwa na msichana anachimba, na sauti yangu. Mambo mengine walijichorea wenyewe kwa miaka yote hii, wakinisifu sokoni, nami nikaacha wachore.

Mwenye duka alitaka kumaliza ugomvi. Epizodi ya zamani alikuwa nayo bado, akaitafuta. Niliomba grupu izimike. Ilinguruma vizuri siku ile, haikukohoa hata mara moja. Tukaangalia theluji inashuka, tukaangalia msichana anachimba, na picha ikaisha anachimba. Hakuna aliyetoka. Watu waliangalia televisheni, kisha mmoja mmoja wakanigeukia mimi. Fundi cherehani alikaa chini polepole, anajishika bega, palepale alipoliona lile koti limepasuka.

Yaya peke yake hakugeuka. Alimwambia mwenye duka, "Rudisha pale." Akarudisha. Akaiangalia tena mpaka mwisho, akainuka, akatoka. Watu walimpisha bila kuambiwa. Sasa anayekaa kando ya televisheni ni yule binti wakati wa likizo, na likizo ikiisha wanaangalia bila kusemewa.

Nyumbani nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Alisema, "Siku ile iliandikwa nini?"

Nilimwambia.

"Yote. Unisomee yote kama ilivyokuwa."

"Baba amekufa. Hatutampata tena. Yaya, ilikuwa hivyo tu."

Nilitaka anipige. Angenipiga ningelia, tungelia wote, mama angekuja kutuachanisha. Aliniuliza tu, "Na wewe ulijua tangu siku ile?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilikuamini kwa sababu ni wewe. Picha, ni picha tu." Niliona aibu mpaka ya kupumua karibu yake.

Asubuhi alifungua sanduku la mama, akatoa kile kitambaa cheupe, kimeshika rangi ya njano kwenye mikunjo, akakikunja upya na kukiweka kwapani. Tulikwenda kwa shehe wa mtaa wetu, yeye mbele, mimi nyuma kama mtu aliyekamatwa. Alimsalimia shehe, akamwambia kwamba mume wake amekufa na anataka kukaa eda.

Shehe alimwuliza shimo lilianguka lini. Yaya akasema. Shehe akahesabu kwa vidole, midomo inacheza, kisha akaanza tena, nadhani alitaka hesabu yake iwe ya uongo. Akasema kwa upole, "Binti yangu, eda inahesabiwa tangu siku mume amekufa. Haihesabiwi tangu siku ya kupokea habari. Wenzake waliokuwa nje walishuhudia shimo lilimwangukia. Miezi minne na siku kumi ilikwisha zamani. Huna eda ya kukaa."

"Hata siku moja, shehe?"

"Hata moja. Uko huru. Umwombee dua."

Yaya alishukuru. Tulitoka na kitambaa vilevile kwapani. Tulipita soko, watu wakatusalimia, akaitikia kila salamu sawasawa. Tulipofika kwenye mteremko wa kwetu alisimama. Nilifikiri amechoka, nikataka kumshika mkono, akauondoa bila hasira.

"Mwenye eda hajipambi," alisema.

Nikasema najua.

"Ile miezi minne ndiyo nilikuwa napaka hina kila Alhamisi. Nilisema akifika Ijumaa anikute nimejitengeneza."

Majani nilikuwa nachuma mimi nikitoka shule, nikiyatwanga kwenye kinu cha mama, na kwa kuwa yaya alikuwa hawezi kuinama kwa sababu ya mgongo, miguu yake niliiweka mapajani kwangu nikaipaka mimi, kila Alhamisi, mpaka kwenye vifundo, naye ananisimulia atampikia nini.