Uji wa Mwani Niliompikia Jirani

Kosa langu ni la kipuuzi kiasi kwamba nikilisimulia huanza kwa kukohoa kidogo. Nilitengeneza chakula cha afya, nikamlisha jirani yangu mwezi mzima, na mimi mwenyewe sikuonja hata kijiko.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na kila nyumba hapa Makandana ina kitu inauza. Mke wangu alikuwa na meza ya mitumba kule Msasani, ya hapa hapa Tukuyu, si ile ya Dar. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kiti cha kukalia. Dada yangu aliyeolewa Unguja alikuwa analima mwani, na siku moja akanitumia gunia pamoja na barua: mwani una madini joto, yale yanayozuia rovu, ule uvimbe wa shingoni. Huku kwetu milimani rovu lilikuwa jambo la kawaida. Nikanyanyuka kwenye kiti.

"Ameamka," mke wangu akasema. "Tumwombee."

Barua ilisema niuloweke mwani, niusuuze mara kadhaa, kisha niuanike juani. Jua, Tukuyu, mwezi wa nne. Nikaona nikiulowesha hautakauka mpaka tuzeeke, kwa hiyo hatua ya kusuuza nikairuka. Nikautandaza darini juu ya meko, pale tunapoweka mahindi ya mbegu, ukakauka kwa moshi. Nikautwanga, nikachanganya na unga wa ulezi na karanga. Ulinuka kama samaki aliyeungua. Nikajiambia vitu vya afya ndivyo vinavyonuka, tena mimi sina rovu, kwa hiyo kuonja ni kuupoteza.

Jirani yangu alikuwa mama mjane, muuza ndizi, umri wa mama yangu. Rovu lake alilificha kwa kitenge mwaka mzima. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Igogwe mwezi unaofuata, na mama alitaka kitu kimoja tu: apigwe picha siku hiyo shingo ikiwa wazi.

"Mwanangu, kwa uji huu litapungua kweli kabla ya harusi? Au niende kwanza hospitali?"

"Litapungua, mama. Mimi nimesoma."

Sikumwambia kwamba nilichosoma ni barua ya ukurasa mmoja.

Kila asubuhi nikampelekea bakuli la uji. Kila jioni bakuli likarudi limeoshwa, ndani yake ndizi, au maharage, au parachichi. "Ndaga fijo," ananishukuru, macho chini. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, hata mtoto anajua. Mimi peke yangu, na cheti changu, nikazichukua zile ndizi kuwa sifa za uji. Nikaanza kuchora lebo ya pakiti.

"Wewe umeonja?" mke wangu akauliza.

"Mimi ndiye mtengenezaji."

Siku ya harusi mama alikuja amefunga kitenge mpaka kidevuni. Mpiga picha akamwomba akilegeze kidogo. Akatikisa kichwa, akasogea nyuma ya dada yake. Kwenye picha ile anaonekana nusu uso.

Nesi mmoja, mgeni wa upande wa bwana harusi, aliketi karibu nami. Akasema madini joto ni kinga, lakini rovu kubwa la miaka mingi haliondoki kwa uji, na mama yule angekwenda hospitali mapema aonwe. "Sijui nani alimwambia asubiri," akasema. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba.

Kesho yake nikaenda kuomba radhi. Nilianza mara tatu, na mara zote nikaishia kuzungumzia mvua. Mama hakunisaidia. Alichukua unga uliobaki, akaukoroga jikoni kwake, akanimiminia katika bakuli langu lile lile, kisha akakaa kumenya ndizi.

Nikanywa. Ilikuwa chumvi tupu. Halafu ikaja ladha ya moshi, na mwisho mchanga, ukilia kwenye meno. Funda la tatu likakataa kushuka.

"Mama, ulikuwa unakunywaje hiki?"

Hakuinua macho kutoka kwenye ndizi zake.

"Maliza. Mimi nilikuwa namaliza."